Nyimbo adimu za mwanamuziki wa dansi: mwongozo kamili wa kuandaa mkusanyo wa diski nne

Mwanamuziki wa dansi aliyevuma kati ya miaka ya 1960 na 1980 ameacha kazi zilizotapakaa. Zipo zilizo kwenye kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, zipo za santuri za 45 (mizunguko 45 kwa dakika) zilizopigwa chapa Nairobi, zipo za kaseti ambazo msikilizaji alizirekodi mwenyewe kutoka redioni, na zipo za rili, yaani magurudumu ya utepe, zilizofichwa kabatini kwa familia ya mpiga besi. Marijani Rajabu alipitia Trio Jazz, Safari Trippers na Dar International. Mbaraka Mwinshehe alitoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano mwaka 1973. Kwa hiyo mkusanyo wa mtu mmoja ni mkusanyo wa bendi kadhaa, wenye mali kadhaa na mafundi mitambo kadhaa.

Wengi huanza na kompyuta, wakaanza kusafisha sauti siku ile ile ya kwanza. Matokeo yake ni wimbo uliosafishwa vizuri, jina lisilo lake, mtunzi asiye wake, na nakala bora zaidi inayogunduliwa wiki moja baada ya diski kutoka kiwandani. Anza na daftari.

Orodha

Kila chombo cha sauti kipewe namba yake kabla hakijachezwa: K001, K002 kwa kanda, S001 kwa santuri, C001 kwa kaseti. Namba iandikwe kwa penseli kwenye boksi, si kwenye utepe wala kwenye lebo ya santuri. Piga picha boksi mbele, nyuma na ubavuni, pamoja na kila karatasi iliyomo ndani. Kwa santuri, piga picha lebo za pande zote mbili, kisha inamisha sahani kwenye mwanga usome herufi na namba zilizochongwa kwenye ile sehemu laini kati ya wimbo na lebo. Namba hiyo ndiyo kitambulisho halisi cha rekodi. Lebo huweza kubandikwa vibaya. Namba ya kuchongwa hukosewa kwa nadra sana.

Kwenye jedwali weka safu hizi: namba ya chombo, upande, wimbo wa ngapi, jina lilivyoandikwa, jina linavyosikika kwenye kiitikio, bendi, mtunzi, mwimbaji, muda, hali, na maoni. Safu mbili za jina si anasa. Wimbo mmoja huandikwa kwa jina moja redioni, kwa jina jingine kwenye santuri, na mashabiki wakaujua kwa jina la tatu. Usipotenganisha safu hizo utadhani una nyimbo tatu.

Boksi lisiaminiwe peke yake. Kanda zilikuwa ghali, zikifutwa na kurekodiwa upya, na rili ilirudishwa kwenye boksi lililokuwa karibu. Sikiliza kila kanda mwanzo hadi mwisho, hata sehemu inayoonekana tupu. Kwenye mita za mwisho ndipo hukutwa wimbo ulioanza kupigwa ukakatishwa, au sauti ya mtangazaji akitaja tarehe.

Kutambua wimbo

Hapa pana utajiri, na hapa ndipo mkusanyo unapopata thamani au kuikosa.

Muziki wa dansi hujitambulisha wenyewe. Kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka kwa kucheza, waimbaji hutaja majina ya wapigaji: anaitwa wa solo, wa tumba, wa saksafoni. Andika kila jina na dakika linaposikika. Mpigaji aliyehamia bendi mwaka fulani hawezi kuitwa kwenye rekodi ya kabla ya hapo. Vivyo hivyo jina la mtindo. Ukisikia “Msondo” uko kwa bendi ya NUTA Jazz au warithi wake. Ukisikia “Sikinde” uko kwa Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978. “Ndekule” ni Orchestra Safari Sound ya wakati wa mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo, aliyehamia huko 1985. Jina la bendi nalo ni kalenda: NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 ikawa JUWATA baada ya CCM kuzaliwa 1977, kisha OTTU mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wimbo unaoitaja JUWATA hauwezi kuwa wa 1972, hata kama boksi limeandikwa hivyo kwa wino mwekundu.

Mashairi pia husaidia. Wimbo unaosifu Azimio la Arusha haukurekodiwa kabla ya Februari 1967. Unaotaja Vita vya Kagera ni wa mwishoni mwa 1978 au baada ya hapo.

Kisha keti na wapigaji waliobaki. Usiwaulize “huu ni wa mwaka gani?”, kwani utapewa mwaka wowote kwa heshima tu. Wachezee sekunde 40 za mwanzo bila kutaja jina, uulize “Mzee, hili gitaa la ridhimu ni la nani?” Mikono ya wenzao wanaijua kuliko tarehe. Watu wawili wakikubaliana bila kusikilizana, andika. Wakitofautiana, andika majibu yote mawili na wimbo ubaki na alama ya kuuliza hadi kwenye kijitabu.

Mwisho, tenganisha makundi matatu na usiyachanganye: wimbo ambao haujawahi kutoka popote, wimbo uliosikika redioni lakini haukutolewa kwenye santuri wala kaseti, na wimbo uliotoka lakini hauonekani tena. Kundi la pili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na mashabiki wa umri mkubwa wanaufahamu kila wimbo wake kwa moyo. Ukiuita “haujawahi kusikika” watakucheka.

Kuchagua chanzo

Wimbo mmoja ukiwa na vyanzo vinne, mpangilio wa kawaida ni huu: kanda mama ya studio au redio, nakala ya kanda iliyopelekwa kiwandani, santuri safi, kisha kaseti. Lakini usiufuate kama sheria. Kanda ya redio iliyonakiliwa mara tatu hupoteza ukali wa tarumbeta na upatu, na santuri isiyochezwa sana huishinda. Weka vyanzo vyote kwenye kompyuta kwa kiwango kimoja cha sauti, ukibadilisha kimoja hadi kingine kwenye neno lile lile la wimbo. Kiwango kikitofautiana hata kidogo, sikio litachagua chenye sauti kubwa na kudhani ndicho bora.

Santuri za 45 zina tatizo lao. Wimbo wa dakika nane ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B, na mkato ukawekwa pale chemko linapoanza. Kama kanda nzima ipo, itumie hata ikiwa na chwaa (ile sauti ya “shhh” ya kanda) zaidi. Kama haipo, tafuta kama sehemu ya pili inarudia mapigo yaliyofifishwa mwishoni mwa ya kwanza. Ikirudia, unganisha kwenye pigo la dramu, si kwenye neno. Isiporudia, acha sehemu mbili zikae kama zilivyotoka. Kuna wanaojaza pengo kwa kunakili mizunguko ya gitaa kutoka mahali pengine. Huko ni kutunga, na mnunuzi hakulipia hilo.

Kuziandaa kanda

Kanda zina aina mbili kuu za plastiki. Shikilia rili kwenye taa: ikipitisha mwanga kwa pembeni, utepe wake ni wa asetati, ikiwa giza, ni wa poliesta. Asetati hukatika kwa mkato safi na ikiharibika hutoa harufu ya siki. Poliesta hunyooka kabla ya kukatika.

Baadhi ya kanda za poliesta za miaka ya 1970 na 1980, hasa Ampex 406 na 456, zina gundi inayofyonza unyevu. Dalili ni mlio wa kukwaruza wakati kanda inapita na masizi ya kahawia kwenye hedi, yaani kichwa cha mashine kinachosoma utepe. Ukiona hivyo simamisha mara moja, kwani kinachobaki kwenye hedi ni muziki wenyewe. Tiba ni joto la wastani: nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa 8 kwa utepe wa milimita 6.3, ukiigeuza rili katikati ya muda, kisha iachwe ipoe kwa muda kama huo kabla ya kuchezwa. Mashine ya kukaushia matunda yenye feni na kidhibiti joto inafaa, mradi upime kwa kipimajoto chako na si kuamini kitufe. Oveni ya jikoni haifai kwa sababu joto lake hupanda na kushuka, na kuanika juani ni kuiua kanda. Nafuu hiyo hudumu wiki chache tu, kwa hiyo nakili mara inapopoa. Asetati isipashwe joto kamwe.

Kanda za pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, huja na ukungu mweupe ubavuni. Zitenge na nyingine, vaa barakoa ya N95, fanya kazi nje au penye hewa inayotoka, na ufute kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Ukungu ukiwa mbichi na wa kunata, kausha kwanza kwenye chumba chenye unyevu mdogo.

Maungio ya zamani hukauka na kuachia katikati ya wimbo. Yabadilishe kwa utepe maalumu wa kuungia. Selotepu ya dukani huvuja gundi na kuunganisha mizunguko miwili ya rili.

Kunakili kanda

Safisha hedi na njia ya utepe kwa pombe ya aisopropili ya asilimia 99 kabla ya kila rili. Kisha:

1. Tambua kasi. Sentimeta 19 kwa sekunde ni ya kawaida, 38 ni ya studio, 9.5 ni ya kubana matumizi. Rili ya sentimeta 18 yenye mita 360 za utepe hutoa takriban dakika 31 kwa kasi ya 19. Kasi huweza kubadilika katikati ya rili.
2. Tambua upana wa njia za sauti kwenye utepe: mono ya upana wote, au nusu kwa nusu. Ukisikia muziki unaocheza kinyumenyume chini ya mwingine, hedi yako inasoma pande mbili kwa pamoja.
3. Rekebisha pembe ya hedi, ambayo mafundi huiita azimuthi. Changanya chaneli mbili ziwe moja, cheza sehemu yenye maraka au upatu, na uzungushe skrubu taratibu hadi ukali uwe wa juu kabisa. Rudia kwa kila rili, na kwa kila wimbo kama rili imeungwaungwa. Hatua hii ya dakika mbili inaokoa zaidi ya programu yoyote ya kusafishia, kwa sababu ukali uliopotea hapa hauongezwi baadaye. Ukiinua treble unainua chwaa tu.
4. Chagua kati ya NAB na IEC, viwango viwili vya kusawazisha besi na ukali wakati wa kurekodi na kucheza. Boksi lisipoeleza, nakili kwa kimoja na uandike ni kipi, kwa sababu kinageuzika baadaye.
5. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96, faili la WAV, vilele vikiishia kati ya desibeli −10 na −6. Saa moja ya stereo ni takriban GB 2.07, hivyo saa 30 za kanda ni kama GB 62.

Faili hili la kwanza haliguswi. Tengeneza namba ya uhakiki ya SHA-256, weka nakala tatu kwenye diski za aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Kazi zote zifanyike kwenye nakala.

Kunakili santuri

Osha kwa maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa (distilled), matone machache ya sabuni isiyo na manukato, brashi laini, ukifuata mzunguko wa mifereji. Lebo isilowe. Sahani za 78 za shelaki, kama zile za enzi za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, hazipewi pombe hata tone, kwani huyeyuka.

Sindano ni jambo la ukubwa. Santuri ya stereo inataka ncha ya maikromita 18. 45 ya mono mara nyingi hulia vizuri zaidi kwa 25. Ya 78 inataka karibu 75. Ukiwa na ncha mbili jaribu zote, kwani moja husoma sehemu ya mfereji ambayo sindano za baa hazikuifikia. Nakili kwa stereo hata kama rekodi ni mono: kuta mbili za mfereji hazikuchakaa sawa, na baadaye utachagua ukuta mzima au kuchanganya.

Sauti ya 45 ikiyumba mara moja kila sekunde 1.33, yaani kila mzunguko, tundu la sahani haliko katikati. Kwa 45 zenye tundu kubwa, toa kile kizibo cha katikati, weka sahani wazi, na uisogeze kwa kidole hadi mkono wa sindano uache kucheza kulia na kushoto.

Kasi na sauti

Rekoda za zamani zilikimbia au kuchelewa. Kuna ushahidi uliojificha: mvumo wa umeme. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50. Fungua kichanganuzi cha masafa, tafuta mstari karibu na 50. Ukikutwa kwenye 51.5, wimbo unakwenda haraka kwa asilimia 3, ambayo ni nusu ya nusu-toni. Zidisha kasi kwa 0.971. Kabla ya hapo, washa mashine bila kanda kuzunguka uone kama mvumo ni wako mwenyewe. Na kwa kuwa umeme wa zamani nao haukutulia, thibitisha kwa sikio: linganisha sauti ya mwimbaji na rekodi nyingine ya mwaka huo huo. Nusu-toni moja ya juu humfanya mtu mzima awe kijana.

Kusafisha

Fuata mfuatano huu: mikwaruzo mikubwa kwa mkono, midogo kwa programu, mvumo, mwisho chwaa. Audacity ya bure inatosha kwa kuanzia. iZotope RX ina uwezo zaidi.

Kila programu ina kitufe cha kusikiliza kinachoondolewa peke yake. Kitumie kila mara. Ukisikia muziki ndani ya takataka, umezidisha. Kiondoa mikwaruzo huichukua tarumbeta kali na kofi la tumba kwa kuwa vilele vyao vinafanana na mkwaruzo. Kiondoa chwaa huyala maraka na upatu, kisha kuacha mlio wa maji maji. Punguza chwaa kwa desibeli 3 hadi 6 na uishie hapo. Msikilizaji huizoea chwaa ndani ya dakika moja, lakini gitaa lililokufa halizoeleki.

Mvumo una mtego wake. Noti ya G ya chini kwenye gitaa la besi ni hezi 49, na G ya juu yake ni 98. Ukichimba shimo pana kwenye 50 na 100, besi inapotea kila wimbo unapogusa G. Tumia shimo jembamba sana, au uache mvumo ubaki chini ya bendi na kuukata kwenye mwanzo na mwisho tu.

Haki na ruhusa

Mwenye kanda si lazima awe mwenye wimbo. Kila wimbo una mtunzi, una wapigaji, na una aliyegharamia rekodi. Bendi nyingi zilikuwa za taasisi, hivyo vyombo, jina na wakati mwingine mkataba vilikuwa vya mwajiri.

Kwa sheria ya Tanzania Bara ya 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Tungo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, zinalindwa hadi mwisho wa 2029. Za Marijani Rajabu, aliyefariki 1995, hadi mwisho wa 2045. Wasiliana na taasisi ya hakimiliki: Bara ni COSOTA, Zanzibar ni COSOZA, Kenya ni KECOBO. Kanda za iliyokuwa RTD ziko TBC, na ruhusa ya kuzitumia ni ya maandishi.

Kwa familia, usisaini na mtoto mmoja aliye karibu nawe. Omba barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Pale penye nyumba mbili au zaidi, waite wote kikao kimoja, soma mkataba kwa Kiswahili, na kila mmoja apate nakala. Mkataba utaje nyimbo kwa majina, nchi zinazohusika, miaka (isizidi 7), malipo ya awali, asilimia ya mauzo, na taarifa ya hesabu kila miezi 6. Kampuni ya nje ikitaka rili zenyewe, wapelekee faili. Vyombo asili visivuke mpaka.

Kupanga diski na kijitabu

Diski hubeba karibu dakika 80. Ishia 77 ili kiwanda kisilalamike. Kwa wimbo wa wastani wa dakika 6 na nusu, ni nyimbo 11 kwa diski, 44 kwa nne. Ukiwa na nyimbo nzuri 33 tu, toa diski tatu. Diski ya nne iliyojazwa mazoezi na marudio ndiyo inayofanya watu wauite mkusanyo mzima biashara.

Mfuatano wa miaka hufaa bendi hadi bendi, ila usifungue diski ya kwanza na wimbo wenye sauti mbovu kuliko zote. Matoleo mawili ya wimbo mmoja yakae diski tofauti. Acha sekunde 2 hadi 4 kati ya nyimbo, na zaidi kidogo chanzo kinapobadilika kutoka kanda hadi santuri. Usizibane nyimbo zote ziwe na sauti kubwa sawa; linganisha sauti ya mwimbaji, vyombo vitajipanga.

Kijitabu ni cha sentimeta 12 kwa 12, kurasa zigawanyike kwa 4, picha ziwe na nukta 300 kwa inchi na ziada ya milimita 3 ya kukatwa. Kila wimbo uandikiwe jina, mtunzi, waimbaji, wapigaji, bendi, mahali na mwaka, chanzo, na kundi lake kati ya yale matatu. Mashairi yachapwe yote. Neno lisilosikika liwekewe nukta tatu, lisibuniwe.

Kiwanda kipelekewe faili la DDP (mfumo wa faili la diski nzima unaotumiwa na viwanda) la biti 16 na kilohezi 44.1, likiwa na namba ya ISRC, kitambulisho cha kimataifa cha rekodi, ya kila wimbo. Viwanda vingi hupiga kuanzia nakala 300 au 500. Chini ya hapo utapewa diski za kuchomwa, ambazo redio nyingi za zamani za gari huzikataa. Omba diski ya majaribio. Isikilize yote kwenye redio ya gari, kwenye kompyuta na kwenye kicheza CD cha zamani, kijitabu kikiwa mkononi. Angalia kama wimbo wa 7 kwenye karatasi ndio wa 7 kwenye diski, kama pigo la kwanza la dramu halikukatwa, na kama muungano wa sehemu ya kwanza na ya pili haurukwi. Hapo ndipo unapotoa idhini ya kupiga chapa.